Majibu ya Wifi Yangu

Niliolewa Kisauni miaka ile ya vita, wakati tulipokuwa tukila unga wa mahindi ya njano na kushukuru Mungu. Nyumba niliyoingia ilikuwa na mume wangu, mamake, na dada yake mkubwa. Huyo dada, wifi yangu, niliambiwa siku ya kwanza kwamba nisiseme naye.

Niseme na pepo wake. Wifi yangu aliugua akili akiwa bado ndani ya arobaini ya uzazi, na mganga wa pepo akakata shauri: huyu mnayemwona ni kiti tu, aliyekalia kiti ni mwengine. Basi asiitwe dada, wala wifi, wala mwanangu. Aamkuliwe pepo kwa adabu, aulizwe ataka nini, na akitakacho apewe. Akiomba maji, hupewa marashi ya waridi, maana pepo hanywi maji ya kisimani.

Na mtoto wake je? Siku moja waliuliza kama kawaida, "Pepo, wataka nini?" Wifi yangu akasema, "Namtaka mtoto." Lahaula! Nyumba nzima ikatetemeka. Pepo amtaka mtoto! Asubuhi yake kitoto kikafungwa kwenye leso, kikavushwa daraja, kikapelekwa Changamwe kwa babake aliyekuwa akifanya kazi ya reli. Shangazi yake ndiye aliyemlea huko.

Niliposimuliwa habari hii niliitikia kwa kichwa. Bibi arusi hana maneno. Lakini pia niliamini, nisijitie wema nisiokuwa nao.

Wifi yangu alikuwa hodari wa kushona kofia, na ugonjwa haukumnyang'anya hilo. Hukaa uani tangu asubuhi akizungusha uzi kwenye vitundu vidogo vidogo, na kofia ikatoka sawasawa, ua kwa ua. Lakini mpe apike wali! Huosha mchele, akauosha tena, akasimama na sufuria mkononi mpaka kuni zikawa majivu. Hakujua kinachofuata. Siku nyengine humkaripia mtu tusiyemwona, akaziba masikio na kulia. Sisemi hakuwa mgonjwa. Alikuwa mgonjwa, tena sana.

Lililowaudhi watu zaidi ni salamu. Jirani akimwambia shikamoo, yeye hukodoa macho tu, na jirani huenda zake akisonya. Kisha uani hamna mtu, mara utamsikia: "Marahaba. Wanao hawajambo?" Mama mkwe hunivuta kanga akaninong'oneza, "Wawasikia? Waamkuana huko kwao." Nami nywele hunisimama.

Siku moja tulikuwa wawili tu. Jirani akapiga hodi, akamwomba wifi yangu sindano ya kuazima. Wifi yangu kimya. Jirani akangoja kidogo, akaondoka akisema mwenda wazimu kumbe na choyo anacho. Mimi nikaendelea kupepeta mchele. Nilimaliza ungo mzima, nikajaza wa pili, ndipo wifi yangu aliposema, taratibu, "Ninayo. Iko kwenye kibweta, mpe."

Nilishtuka nikamwaga mchele chini. Pepo gani huyu mwenye habari za sindano? Nikakifungua kibweta, nikaikuta. Kumbe zile marahaba zote, zile za kuambiwa ukuta, zilikuwa zetu! Mwanamke alikuwa akitujibu miaka sita, ila maneno yake yalikuwa na safari ndefu, na yakifika sisi tumekwisha kwenda zetu.

Nikavunja amri. Nikamwuliza, "Wifi, yule mtoto ulimtaka wa nini?" Kisha nikangoja. Niliokota mchele wote uliomwagika, punje kwa punje, na huko kungoja kulikuwa kugumu kuliko ninavyoweza kueleza.

"Alikuwa na njaa," akasema. "Maziwa yalikuwa yanamwagika."

Nikalia, sikujali nani ataniona. Nilipomweleza mume wangu aliniambia ninyamaze, nisije na mimi nikapandwa na pepo. Mjinga mie, nikanyamaza.

Haukupita mwezi ikaja habari kwamba babake mtoto amehamishiwa Nairobi, na mtoto atakwenda naye. Mama mkwe, ambaye najua alikuwa akilia kwenye mto wake, aliomba aletwe mara moja tu aonane na mamake. Mganga akakubali kwa sharti: mama akimtambua kama mama amtambuavyo mwanawe, mtoto abaki Kisauni. Asipomtambua, waende, na lisisemwe tena.

Walitoka Changamwe alfajiri kwa miguu, wakaukata mji wote, wakavuka daraja, wakafika karibu na adhuhuri. Tulikaa uani kumzunguka wifi yangu. Mganga alikwisha choma ubani. Sinia la halua la pepo lilikuwa mbele yake, na sukari siku zile ilikuwa haipatikani ila kwa kubembeleza duka zima. Mtoto alikuwa mwembamba, vumbi mpaka magotini. Akasukumwa mbele, akasema, "Shikamoo."

Wifi yangu akaendelea kushona.

"Pepo, wamjua huyu?" mganga akauliza. Akauliza mara ya pili, akatutazama, akatikisa kichwa. Babake mtoto akasimama, akamshika mwanawe mkono, akasema basi, tumeona wenyewe.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko, leso usoni, kama inavyompasa mke wa watu mbele ya wageni. Sijui moyo ule niliutoa wapi.

"Mngojeni," nikasema. "Hamjapata kumngoja hata siku moja."

Mume wangu akanikata jicho. Nadhani walikaa kwa kupigwa na bumbuazi tu, kwamba mimi ninasema. Tukangoja. Ubani ukaisha kwenye chetezo. Mganga alikohoa, akataka kusema jambo, mama mkwe akamwinulia mkono. Mimi nilikuwa nikijiambia nimeiaibisha nyumba ya watu bure.

Wifi yangu akaichomeka sindano kwenye kofia. Akamtazama mtoto miguu, akapanda mpaka usoni, akakaa hapo.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Kisha akatugeukia sisi. "Midomo imemkauka huyu. Amekula?"

Babake akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akanitazama mimi. Watu husema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na sisi wenye zetu kichwa kizima tulikuwa tumetafuta ubani, tumetafuta marashi, tumepata na halua. Mtoto ametembea kutoka Changamwe, na hakuna aliyempa hata maji.

Mkono wa mtoto ukaachiliwa. Wifi yangu akakaa vile vile, macho kwetu, akitungoja tujibu.