Chuma Kizito cha Baba Mdogo

Juzi nikitoka shule niliona shamba la alizeti limezungushiwa utepe wa kaseti, unavuma kwa upepo ili kufukuza ndege.

"Wewe, mbona umesimama kama fisi aliyepotea njia?" mwenye shamba akauliza. Nikasema shikamoo, nikaondoka.

Miaka kadhaa nyuma, baba mdogo alikuwa na kopo la biskuti lililojaa kaseti za wazungu wanaopiga kelele. Niliamini wanachinjwa. "Hiki ni chuma kizito, heavy metal," alikuwa akisema kwa majivuno. Basi mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita na mkokoteni unaonuka kutu, nikampa kopo zima, akanipa ubuyu.

Alasiri ileile akaja Safari, rafiki wa ujana wa baba mdogo, amekonda, anatembelea fimbo. Alitaka kusikia albamu ya kwanza waliyonunua pamoja, mara moja tu. Wakakumbushana vijana wa kijijini Endasak walivyojazana kwenye redio moja, wakitikisa vichwa hadi bibi akamwita katekista, akidhani wamepagawa. Kisha baba mdogo akapapasa juu ya kabati, akilitafuta kopo.

"Chuma nimeuza," nikasema, midomo myekundu kwa ubuyu.

Nikasubiri kipigo. Safari akacheka hadi akakohoa. "Mwache bwana. Huyu ndiye pekee aliyekuelewa." Akaimba mwenyewe, sauti imekwisha, baba mdogo akimpigia ndoo kama ngoma.

Tulimzika Safari kabla ya mavuno. Alasiri ile alipokuwa akiimba machozi yalimtoka, nami, nikilamba vidole, nilidhani ni ya kicheko.