Mdakaji Aliyesimama Ijumaa

Glavu ya baba mdogo Ouma ilinuka mafuta ya ng'ombe na jasho. Aliipaka mafuta hayo kila jioni, akaikunja na kuilalia ili ngozi isikakamae, na nyumba yetu ya Migori ikabaki na harufu hiyo hata alipokuwa safarini. Alikuwa mdakaji wa besiboli, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka kila mpira unaompita. Timu za Migori, Rangwe na Homa Bay zilimlipa, zikafurahia mikono yake, kisha zikamwacha. Sababu ilijulikana na wote: sisi ni Waadventista, Sabato yetu ni Jumamosi, na fainali huchezwa siku hiyo. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kama tangawizi, na bado hakuwa na timu aliyoweza kuiita yake.

Kiangazi kimoja, nikiwa darasa la tano, kocha wa Migori alimwita kwa mechi ya Ijumaa. Wageni kutoka Kampala walikuwa wanakuja kutafuta mdakaji wa kumwajiri kwa mshahara wa kila mwezi. Baba mdogo alikubali, akamweleza kocha mapema kwamba jua likizama Sabato imeingia, naye ataondoka. Kocha alicheka, maana mechi ilipangwa kuanza saa nane. Lakini gari la wageni liliharibika njiani, na mpira wa kwanza ulirushwa jua likiwa limeshalegea. Niliketi kwenye nyasi kavu nikimtazama, vumbi likimpanda magotini. Sijawahi kumwona akicheza vizuri vile. Mgeni mmoja mwenye kofia alisogea karibu, akaacha kuzungumza na wenzake, akawa anamtazama yeye tu.

Timu zilikuwa sare, mpigaji wa mwisho ameshika gongo, jua lilipogusa kilima. Baba mdogo aliinua mkono mchezo usimame. Akavua kinyago, akavua kinga ya kifua, akampa kocha.

"Ouma, ndugu yangu, mpira mmoja tu," kocha alisema kwa sauti ya chini.

"Nilikwambia mapema, kocha."

Mtu nyuma yangu alisema huyo anawahi uji wa mamake, watu wakacheka. Aliyeingia badala yake aliponyokwa na mpira, mkimbiaji wao akapata pointi, tukashindwa. Mwenye kofia alimwajiri mrushaji wetu badala ya mdakaji, akaondoka naye.

Nyumbani nyanya alikuwa amepika mapema, kama kila Ijumaa, na hakuuliza lolote. Siku ya Sabato mambo ya kazi hayakuzungumzwa kwetu. Aliuliza Jumamosi jua lilipozama, akiwasha moto.

"Walikuchukua?"

"Hapana, mama."

Alipuliza kuni kwa muda. Kisha akasema kwamba hata kama angebaki uwanjani, yeye asingemlaumu.

"Najua," baba mdogo alijibu. "Sikuondoka kwa ajili yako."

Siku hizi anauza viatu vya mitumba Rangwe, magoti yake hayakunjiki vizuri, na Ijumaa hufunga kibanda mapema. Mimi niliacha shule mwaka uliofuata. Nimepakia mahindi Kegonga, nimeanika omena, dagaa wa ziwani, Rusinga, na sasa naishi kwa vibarua, simu ndiyo inayoniambia niende wapi. Ikiita Ijumaa jioni naenda, ikiita Jumamosi naenda. Kwa miaka mingi nilidhani tunafanana, kwa kuwa sote wawili tulihamahama. Nimeacha kazi nyingi kuliko timu zilizomwacha yeye, lakini mtu akiniuliza kwa nini niliziacha, sina la kumjibu.