Petroli Inakwenda Wapi

Sikuambiwa na mtu mmoja kwamba mume wangu ana mke Kongowe. Niliambiwa na kijiji kizima, na wote walikuwa na ushahidi uleule: petroli. Hakuna aliyemwona huyo mwanamke. Hakuna aliyeijua nyumba yake wala watu wake. Ila petroli ya pikipiki inakwisha upesi, basi bwana ana mke mwingine. Ndivyo walivyopiga hesabu zao, halafu wakakaa kungojea nilie.

Sikulia ng'o! Nilikasirika, na hasira zangu watu wa Kurui walikuwa wanazijua tangu siku niliyoletwa pale bibi harusi.

Wakati huo ni wa Mwingereza bado, askari wetu wamekwisha rudi kutoka vitani. Mume wangu alikuwa mchuuzi wa kuku na mayai. Ananunua vijijini, Kurui, Marui na huko ndani ndani, anapeleka kuuza Kisarawe. Kwanza alikuwa anakwenda kwa baiskeli, kisha akanunua pikipiki ndogo kwa askari mmoja mstaafu. Chombo chenyewe kimegongwa kila upande, taa haina kioo, kiti kimeshonwa kwa gunia. Lakini kilipita kwenye mchanga, kikapita kwenye matope, na kwetu hakukuwa na kingine. Akipita nacho watoto wanakimbia nyuma wakipiga kelele, na yeye shingo ameikaza utasema liwali. Na mimi nilijisikia, sitaki kusema uongo.

Petroli alikuwa anainunua Kisarawe kwa debe. Debe lilikaa bandani, mbali na jiko langu, na mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kumimina, kwa sababu yeye ana haraka, anamwaga chini. Kila asubuhi ya safari napima kwa chupa, natia kitambaa kwenye mdomo wa tangi, namimina. Kwa hiyo mwendo wa ile petroli niliujua kuliko mtu yeyote. Debe moja lilikuwa linatutosha tangu mwezi kuandama mpaka mwezi mwingine kuandama. Masika moja yakapita, nikaona debe linakauka mwezi ukiwa mpevu angani, na safari ni zilezile.

Shoga yangu mmoja, jirani wa ukuta kwa ukuta, akanivutia pembeni kisimani.

"Mimi sipendi maneno," akasema, na huyo ndiye aliyependa maneno kuliko wali. "Lakini watu wanasema bwana ana nyumba Kongowe."

"Kongowe ipi?"

"Ya Kibaha, njia ya Morogoro. Sasa wewe unadhani petroli inakwenda wapi?"

"Inakwenda tangini," nikamwambia. "Namimina mwenyewe."

Nilijitwika ndoo yangu nikaondoka, lakini lile neno niliondoka nalo. Siyo kwamba mume wangu asingeweza kuoa. Dini inamruhusu, angekuja akaniambia tukagombana yakaisha. Kuoa kwa kificho ndiyo dharau. Na kwetu, binti akifanyiwa dharau ya namna hiyo ndugu zake hawangojei, wanakuja kumchukua. Nikichukuliwa nitakwenda kukaa kwa kaka yangu Marui, nile kwa wifi yangu, niombe chumvi kama mtoto, na nyumba niliyoikandika kwa mikono yangu niiache. Nilikataa hata kuifikiria.

Jioni nikamuuliza mume wangu. Nilitaka aruke, akane. Nilitaka aape msahafu, anitukane hata, aniulize nani kasema. Yeye akatabasamu, akajishika masharubu.

"Watu nao!" akasema. "Waache waseme."

Jibu gani hilo? Kesho yake nikampitia mbali barazani, pale dukani wanaume wanapocheza bao, nikaona anavyopishwa kwenye mkeka. "Karibu bwana mkubwa! Wewe nyumba mbili unaziweza." Na yeye kofia ameilaza upande. Mshenzi yule alikuwa anafurahi! Mimi silali, yeye anapishwa mkeka.

Nikasema basi, kama mtu hataki kusema, pikipiki itasema.

Nikaanza na kuvuja. Jioni nikatandaza majivu makavu kwenye sinia nikaliweka chini ya pikipiki, asubuhi majivu makavu vilevile, hakuna hata tone. Nikafikiria wizi. Nikaufunga mfuniko wa debe kwa uzi, fundo langu mwenyewe ambalo hakuna mwingine anayelifunga vile, na fundo likakaa kama nilivyoliacha. Nikakumbuka yule askari aliyetuuzia alivyotuonyesha plagi: ikiwa nyeusi imejaa masizi, pikipiki inakunywa petroli nyingi kuliko inayoweza kuichoma. Nikamwambia mume wangu aifungue.

"Mwanamke na pikipiki wapi na wapi?" akasema.

"Mbona kumimina hunambii wapi na wapi?"

Akaifungua huku ananuna. Ilikuwa kavu, ya kahawia, safi. Nikaigeuza mkononi nikafikiri. Maana yake injini inachoma vizuri kila inachopewa, lakini inataka kingi. Ndivyo anavyokula mtu mwenye kazi nzito. Sasa kazi gani hiyo nzito, na msimu ule kuku wenyewe walikuwa haba, tenga linakwenda nusu? Hapo nikakwama. Na kabla sijakwamuka, kaka yangu akaja kutoka Marui.

Alikuja na baiskeli yake asubuhi, kanzu ameikunja kiunoni. Huyu ndiye mkubwa wetu, ndiye aliyenioza baba alipokufa. Nikampigia magoti.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Sanduku lako liko wapi?"

Hakutaka hata maji. Aliingia ndani akalitoa sanduku langu la bati yeye mwenyewe, akalifunga kamba kwenye karia ya baiskeli. Mume wangu amesimama mlangoni na bakuli la uji.

"Shemeji," kaka akamwambia, "dada yangu hakuokotwa njiani. Umeoa Kongowe, sawa, hukutuambia. Namchukua. Una neno?"

Nikamtazama mume wangu. Neno moja tu, nilikuwa nalingoja kwa masikio na macho.  Akasema, "Shemeji, mambo mengine ni magumu kueleza."

Lo! Nilihisi damu imenipanda mpaka kwenye nywele. Magumu kueleza! Nilimnyang'anya lile bakuli.

"Mimi siendi," nikasema.

"Unakwenda," kaka akasema.

"Siendi, kaka, nisamehe. Nimeolewa na mtu, sikuolewa na petroli. Chupa moja ya petroli zamani ilikuwa inakwenda Marui na kurudi. Leo namimina chupa moja kwenye tangi tupu, mimi nakaa nyuma, wewe unafuata na baiskeli. Kongowe hatuendi, hata upande wa Kongowe hatuelekei. Petroli ikitufikisha Marui na ikaturudisha, basi ana mke, na sanduku limekwisha fungwa. Isipofika, utaniambia huyo mwanamke kaingilia wapi."

 Kaka alikuwa mkali lakini hakuwa mjinga. "Mimina," akasema.

Mume wangu hakutaka. Alisema gurudumu halina upepo, alisema mvua inakuja, na mbinguni kweupe. Nilipomwambia basi nitamkalisha kaka kwenye usukani, akapanda.

Nikakaa upande, kama mwanamke anavyokaa, khanga nimeibana magotini. Tukaondoka. Injini inanguruma watu wanatoka majumbani kutazama, na mimi nasubiri upepo wa usoni niliouzoea. Upepo hauji. Nikageuka nyuma, na kaka yangu yule pale! Mtu mzima, kanzu, baiskeli nzito, sanduku langu kwenye karia, tena kwenye mchanga, na hatumwachi! Ananyonga pedeli polepole kabisa. Mpaka akawa ananitazama, na mimi namtazama, kama watu waliokutana kisimani.

Ndipo nikasikia harufu. Si ya petroli, si ya oili. Harufu ya kitu kikavu kinachoungua, kama kitambaa kilichosahauliwa karibu na moto. Inatoka chini yangu.

Hata nusu ya njia ya Marui hatujafika, injini ikakohoa, ikazima. Nikaruka chini, nikainama, nikaweka mkono katikati ya gurudumu la nyuma. Mama yangu! Ngozi ya kiganja ilibaki pale pale. Lile bakuli la chuma, ambamo breki inakaa, lilikuwa la moto kuliko kikaango.

"Kaka, hebu njoo! Inua mkia."

Akaitupa baiskeli majanini, akainua nyuma ya pikipiki kwa mikono yake. Nikalisukuma gurudumu kwa mguu. Likasogea kidogo likagoma. Nikalisukuma tena, likagoma tena. Gurudumu zima likiinuliwa huzunguka kama pia, hili limeng'ang'ania. Breki ilikuwa imeshika, na haikuwa imeshika siku ile tu. Mume wangu alikuwa anaendesha huku amefunga breki, kutwa, kila safari, miezi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi nzito. Mafuta yetu yote yalikuwa yanakwenda kupigana na breki.

Nikaitazama ile nati ya nyuma inayokaza breki. Chombo kizima kina kutu, ile nati peke yake inang'aa kwa kukwanguliwa na spana.

"Nani anaikaza hii?"

Mume wangu alikuwa anatazama shamba la mihogo la watu.

"Nakuuliza wewe."

"Mimi," akasema.

Kaka akaishusha pikipiki.  Na mume wangu, pale njiani, akaeleza. Masika yale, kwenye kilima cha kuingilia Kisarawe, pikipiki iliteleza ikamchukua. Breki haikushika. Walishuka wote mpaka chini, yeye, chombo na kuku, tenga likapasuka, kuku wakaingia msituni. Alikaa mtaroni anatetemeka, hajui kama yu hai. Tangu siku hiyo, kila akikaribia kile kilima anasimama, anatoa spana, anaikaza nati kidogo. Na kuilegeza akishapita haoni sababu, maana kesho kutwa kilima kiko palepale.

"Sasa jambo hili nalo ni gumu kueleza?" kaka akasema. "Nimekuja na baiskeli kumchukua dada yangu!"

"Shemeji, nikasimame barazani niseme naogopa kilima?"

"Kwa hiyo ni afadhali mimi nirudishwe kwetu?" nikamwambia. "Ni afadhali niitwe mke aliyeletewa mke mwenza kwa siri, nile kwa wifi yangu, kuliko wewe kuitwa mwoga?"

Akatoa spana mfukoni. Nilimpenda mtu yule, na saa ile ningempiga na spana yake. Kiganja kinaniwaka, machozi yananitoka, ya hasira, na kila aliyedhani ni ya kitu kingine shauri yake.

Akailegeza nati. Petroli hakuna, kwa hiyo ikabidi asukume mpaka nyumbani. Mimi sikutia mkono. Nilitangulia mbele, yeye nyuma yangu na pikipiki, kaka nyuma yake na baiskeli na sanduku langu juu. Ndivyo tulivyoingia kijijini, na njia inapita mbele ya baraza.

"Vipi bwana mkubwa!" mmoja akapaza sauti. "Petroli imeishia Kongowe?"

Wakaangua kicheko. Mume wangu akainamisha kichwa akataka kupita. Nikasimama katikati ya njia, nikageuka.

"Mjibu," nikasema.

Akanitazama. Akamtazama kaka yangu, ambaye naye alikuwa ameisimamisha baiskeli. Wale wanaume wakaacha bao. Nikajua akipita bila kusema, mimi nitapita naye mpaka mlangoni na kutoka hapo nitaendelea mpaka Marui kwa miguu yangu, na sitarudi. Na yeye alijua.

"Sina mke Kongowe," akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Hawajasikia."

"Sina mke Kongowe! Sijapata hata kulala Kongowe. Mke wangu ni huyu. Nilianguka kwenye kilima cha Kisarawe, tangu hapo nakiogopa, nikaikaza breki mpaka ikala petroli yote. Haya, chekeni."

Na walicheka, haki ya Mungu. Walicheka mpaka kete za bao zikamwagika, na mmoja akawa anaigiza mtu anayetetemeka. Mume wangu alisimama pale ameshika usukani akavumilia mpaka walipochoka, kisha akaisukuma pikipiki yake mpaka kwetu.

Kaka akalifungua sanduku kwenye karia, akalirudisha ndani mwenyewe alikolitoa. Alikula chakula cha mchana kwangu, akanawa, akapanda baiskeli yake, akarudi Marui peke yake.