Maziwa ya Alfajiri

Treni ilinitoa Morogoro baada ya kiwanda chetu kupata mwekezaji, na mwekezaji hakuwa na haja na sisi. Tabora, nyumbani kwetu, tulisubiri injini kutwa nzima. Sikutoka stesheni. Kurudi mikono mitupu kulinishinda, nikaendelea hadi Mwanza, reli ilikoishia.

Nikapata kazi ya kusukuma machela katika hospitali moja karibu na ziwa. Kwa kuwa Kinyamwezi changu na Kisukuma cha wagonjwa ni ndugu, wodini nikawa mkalimani pia.

Mara moja kwa mwaka walikuja madaktari wa kushona midomo iliyopasuka. Mpasuaji, mtu wa dawa ya usingizi na muuguzi wetu wa lishe waliamua pamoja. Mmoja akisema hapana, mtoto haingii.

Bibi mmoja alitoka upande wa Magu na mjukuu wake wa kike. Mdomo wa mtoto ulikuwa umepasuka hadi puani, kaakaa liko wazi, na maziwa yalikuwa yakimtokea puani. Baba yake hakutaka kumwona, na mama alikatazwa kumfuata.

"Akishonwa atarudi kwa mama yake," bibi aliniambia. "Asiposhonwa, mama ni mimi, nami nimeshazeeka."

Muuguzi alimpa kijiko cha wodini, akamfundisha kumlisha kwacho, mtoto akiwa amekaa wima. Mtoto akanenepa polepole mpaka mizani ikamkubali.

Zamu yake ilikuwa siku ya mwisho ya upasuaji. Asubuhi nilikwenda kumchukua.

"Wanyamwezi nyie, mpaka leo mnabeba mizigo ya watu?" bibi akanitania, akikumbusha wapagazi wa misafara ya zamani.

"Huu mwepesi, bibi."

"Mwepesi wapi! Ameshiba huyo. Alfajiri nimempa maziwa."

"Jana si tulikwambia asile kitu?"

"Mliniambia atalala, na mwenzake wa kitanda cha pili alilala mpaka jioni. Hiyo si safari? Kwetu mtu haondoki na njaa."

Mtu wa usingizi alitikisa kichwa. Maziwa yangepanda yakaingia mapafuni. Mpasuaji akaomba wasubiri jioni. Ndipo muuguzi, yule yule aliyemnenepesha mtoto, akasema hapana. Wageni wangeondoka alfajiri; nani angemwangalia usiku, na umeme wenyewe ule wa kukatika? Alisema hivyo akitazama ukuta.

"Mwakani," nikamtafsiria bibi.

"Mwakani," akarudia, kama mtu aliyetajiwa kijiji asichokijua.

Madaktari waliporudi mwaka uliofuata, bibi naye alikuja. Kanga ya kubebea mtoto alikuwa ameikunja, ipo begani.

"Shikamoo bibi. Mtoto yuko wapi?"

"Marahaba. Kifua kilimchukua wakati wa mvua. Nimekuja kuwaambia msimwekee nafasi. Mpeni mwingine." Akafungua pindo la kanga, akatoa kijiko. "Na hiki ni cha hapa."

Muuguzi alikipokea kwa mikono miwili. 

Nilimsindikiza bibi hadi stendi ya Buzuruga. Alipoweka mguu kwenye ngazi ya basi akageuka.

"Mnyamwezi, leo huna mzigo."

Basi lake lilipoondoka nilikuwa bado nimevaa koti la kazi. Kurudi kwenye machela kulinishinda. Nililivua, nikalikunja, nikampa utingo wa gari la kwenda mjini alirudishe hospitalini. Kisha nikapanda la Musoma, lililokuwa likiita abiria.