Waya Isiyo na Kazi

Moto ulianzia chini ya miguu yangu. Nimelisema hilo tangu nilipokuwa nimelala hospitalini Lodwar, mkono umefungwa bandeji mpaka begani. Nimelisema mbele ya ndugu zangu wote, na hakuna aliyelitia sikioni. Wao walishakubaliana. Kaka yangu mkubwa aliungua akiendesha pale Kalemng'orok, mimi nimekaa kiti cha abiria, kwa sababu ya jerikeni ya petroli niliyoiweka nyuma ya gari lake. Mimi nilitokea dirishani, yeye hakutoka. Kwa hiyo mwenye kosa ni mimi.

Majina siandiki, lakini wenye makosa nitawataja. Wa kwanza ni ndugu zangu, waliohukumu kabla sijaweza kukaa kitandani. Wa pili ni vijana wa stendi ya Lodwar walionibatiza Mzee wa Jerikeni. Mpaka leo nikisimama pale kungoja gari wanaulizana kwa sauti, "Huyu amebeba kitu leo, ama tupande?" Wa tatu ni shemeji yangu, mke wa marehemu. Kaka alizikwa nyuma ya nyumba yao mimi nikiwa bado hospitalini. Nilipopona nikaenda kusimama kaburini kwake, na shemeji akasimama langoni akasema nikitaka kuingia nimkanyage kwanza yeye. Nikarudi. Miaka yote hiyo kaburi la kaka yangu nimeliona kupitia matundu ya ua wa miti, kama mwizi wa kuku.

Tulikuwa tumenunua magari mawili pamoja, mimi langu na yeye lake, kwenye mnada wa shirika moja la misaada kule Kakuma. Mapacha kabisa. Meupe, ya zamani, ya kabureta. Magari ya mnada yana shida moja ambayo hakuna anayekuambia. Shirika likikuuzia gari linang'oa mali yake, redio ya kuitana, king'ora, kile chombo cha kufuatilia gari liko wapi, lakini waya linakuachia. Unanunua gari na utumbo wa watu wengine ndani yake.

Baada ya moto langu nililiweka juu ya mawe. Sikuwa na hamu nalo. Mwaka huu njaa ikanisukuma, nikasema nilifufue nibebe samaki kutoka Longech, kule ziwani. Ila kabureta na joto la Turkana havipatani. Saa sita mchana petroli inachemka kabla ya kufika kwa injini, gari linakufa, na wewe unabaki barabarani ukivika pampu kitambaa chenye maji kama mgonjwa wa homa. Nikaagiza seti ya injekta za kuchukua nafasi ya kabureta kutoka Nairobi, ikaja na basi. Ndani ya boksi kulikuwa na kompyuta yake, ndogo kama kitabu cha nyimbo, na karatasi ya maelezo yenye picha. Mimi niliishia darasa la tano, lakini picha nazisoma vizuri. Picha ya kwanza haikuonyesha injekta hata moja. Ilionyesha waya zisizo na kazi zinatolewa zote.

Kutoa si kukata. Waya huikati pale unapoiona. Unaifuata mpaka inapozaliwa, unaitoa kuanzia huko. Ukiikata katikati, upande mmoja unakufa na upande mwingine unabaki hai umejificha. Nilijua hayo kwa maneno tu. Nilianza na za kabureta, zikatoka. Nikatoa za king'ora. Nikafunua zulia la mbele kwa abiria, nikavutavuta kifurushi cha waya kilichokuwa kimelala hapo, kisha nikaenda kurudisha betri ili nipime kwa taa ni zipi bado zina moto wa betri. Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwangu.

Nilipogusisha waya ya betri, kitu kikalia ndani ya gari. Moshi ukatoka chini ya zulia.

Niling'oa betri kwa mkono mtupu. Nikakaa mchangani pale pale karibu na tairi. Si moshi ulioniketisha. Ni harufu. Mpira unaoungua pamoja na vumbi la zulia. Harufu hiyo nilikuwa nimeinusa mara moja tu maishani, Kalemng'orok, nikimwambia kaka, "Kuna kitu kinaungua huku kwangu," naye akasema ni breki za lori lililo mbele yetu.

Nilipoinuka nikaifuata waya iliyotoa moshi. Nyekundu, nene kama kidole cha mtoto. Ilitoka kwa betri moja kwa moja, bila fyuzi, ikapita kwenye bati la nyuma ya dashibodi, ikalala chini ya zulia, kisha ikashuka kwenye tundu la sakafu mahali bomba la petroli linapopita. Ilikuwa ya redio ya shirika. Mwisho wake ulikuwa umezungushiwa tepu tu. Tepu yenyewe ilikuwa imeyeyuka kwa joto, gundi imetiririka kama asali, shaba iko nje, imeng'ata bati mpaka ikaliacha jeusi. Nilikuwa nimeendesha gari hilo miezi na kifo kimelala chini ya kiti cha abiria, na mke wangu ndiye aliyekuwa akikaa hapo.

Na gari la kaka lilikuwa pacha wa hili. Na aliyeyaandaa yote mawili baada ya mnada alikuwa fundi mmoja wa kule Kakuma.

Niliikata waya hiyo kipande, nikaitia mfukoni, nikapanda gari la kwenda Kakuma. Njiani nilipanga maneno yangu yote. Fundi ni Mkongo, ana kibanda cha mabati upande wa kambi ya wakimbizi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Sikumsalimu. Nilimtupia ile waya mbele ya miguu yake. Akaiokota, akaisogeza karibu na macho, akaipindua.

"Hii ni fili ya redio," akasema. Kwao waya ni fili. "Ya gari yako. Nilikufungia na tepu, sikutoa. Hapa kwetu fili haitupwi, mutu anasema kesho nitahitaji. Lakini tepu na hii jua, papa, haiwezekani. Hiyo ni makosa yangu."

Sikutarajia akubali upesi hivyo. Nikamwambia kumbe na ya kaka yangu aliifunga vivyo hivyo, akamuua. Fundi akaweka chini chuma chake cha kuchomelea.

"Ya kaka yako sikufunga. Ya kaka yako ilikuwa inafanya kazi."

Akanieleza, na sikuwa nimemwuliza. Kaka alimwambia asiitoe ile waya, amwekee soketi nyuma ya kiti pamoja na mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Shemeji alikuwa anachaji simu za watu siku za mgao wa chakula, gari linaegeshwa karibu na foleni na simu zinapangwa kwenye kiti kama mikate. Fundi aliweka fyuzi ya kukata umeme waya ikizidiwa, kama inavyotakiwa. Simu zikazidi, fyuzi ikaungua. Wakarudi, akaweka nyingine, nayo ikaungua. Mara ya tatu hakuweka, aliwaambia wapunguze simu ama wabadilishe waya yote. Shemeji akacheka, akasema mafundi wote ni hivyo, wanapenda gari lirudi. Hawakurudi tena.

Nilimwuliza kwa nini hakusema lolote baada ya moto. Alisema alingoja polisi waje, hawakuja. Akangoja mimi nije.

"Na wewe haukuniuliza kitu," akasema. "Umekuja leo."

Kwa hiyo huyo naye namtaja, kwa tepu yake na kwa kungoja kwake.

Nilirudi Lodwar, nikaenda moja kwa moja kwa shemeji. Siku hizi bado anachaji simu, ila kwa sola, kwenye kibanda kilichoshikana na lango la ua wake. Aliponiona alisimama mahali pake pa siku zote, katikati ya lango. Nilimwonyesha kipande cha waya. Nikamwambia nimetoka kwa fundi Kakuma. Nikamwuliza jambo moja tu, fyuzi ya tatu nani aliiweka.

Nilitarajia matusi. Alitazama waya, akatazama mkono wangu ulioungua, ambao sijawahi kumwona akiutazama.

"Hakukuwa na ya tatu," akasema. "Nilichukua karatasi ya sigara, ile ya kung'aa. Nikaizungushia ile iliyoungua, nikairudisha. Yeye alikuwa hotelini anakula. Hakuona."

Nikamwuliza alijua lini kwamba ndiyo iliyowasha moto.

"Uliposema miguu, shemeji. Wewe uko kitandani unasema moto umetoka chini ya miguu, wote wanasema huyu anajitetea. Mimi nilikuamini siku hiyo hiyo."

Nimewahi kupigwa na joto, na njaa, na moto wenyewe, lakini sijui kama nimewahi kupigwa hivyo. Mtu mmoja tu katika ukoo wote ndiye aliyeniamini, na ndiye aliyesimama langoni kunizuia. Maneno niliyokuwa nimemwekea miaka yote, na yalikuwa mengi, mengine mabaya sana, niliyaacha yote. Nikauliza kama mjinga, kwa nini mimi.

"Lawama ningeweka kwa nani?" akasema. "Ningeamka vipi asubuhi?" Kisha akasema taratibu kwamba kunichukia ilikuwa kazi kubwa, na amechoka nayo.

Nilimwambia nitawaambia watu. Akasema nisiwaambie mimi, wataona najitetea tena. Akachukua simu yake mwenyewe kati ya simu za wateja, akaniondokea langoni, akaingia kibandani.

Nikapita. Kaburi liko karibu na mti mmoja wa edome, mawe yamepangwa vizuri, pamefagiliwa. Nilisimama hapo mikono mitupu. Nilikuwa nasikiliza nyuma yangu. Shemeji alikuwa amempigia mdogo wangu, yule aliyekuwa mkali kuliko wote. Alimsalimu kwa Kiturkana, akamwuliza mvua, akamwuliza mbuzi, akamwuliza watoto, akafika mahali pa kusema ya fyuzi. Akakohoa. Halafu akaanza tena kutoka kwenye salamu.