Kidoa Katika Shamba la Mama

Mimi sikumwamini tangu siku ya kwanza. Mtu wa bara, viatu vinang'aa, ameingia Kwale na kompyuta zake mbili, ati atatuonyesha mashamba yetu kutoka angani. Mashamba yetu! Nilikuwa mchoraji ramani katika ofisi ya ardhi, na nilikuwa nimeshaona wageni wakija na ramani na kuondoka na ardhi.

Tena nilikuwa na langu la kuogopa. Picha ya setilaiti aliyokuja nayo ilikuwa na rangi nzuri, lakini ilikuwa miraba mitupu, kila mraba mkubwa kama shamba zima. Shamba la mama kule Msambweni lilikuwa mraba mmoja wa kijani, na kijani hicho kwenye ramani kiliitwa pori. Pori halina mwenyewe. Hatimiliki zilikuwa njiani, na pori angepewa yeyote anayejuana na wakubwa.

Dawa yake, alisema, ni picha nyeusi na nyeupe zilizopigwa na ndege, zinazoonyesha hata mnazi mmoja mmoja. Tukizichanganya, rangi itatoka kwa setilaiti, umbo litatoka kwa ndege.

"Na huwezi kuongeza mnazi pasipo na mnazi?" nikamwuliza.

"Siongezi kitu, dada. Nainoa tu."

Kunoa! Kinachonolewa ni kisu, nikajisemea.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha. Picha zile za ndege zilikaa kabatini miaka, na zikipitishwa kwenye skana, vumbi lilitokea kama vidoa vyeusi. Kila kidoa nilikifuta, nikajaza miti ya jirani mahali pake, na chini ya kila picha nikatia herufi za jina langu. Mkono ulikuwa kazini, jicho liko kwa yule bwana. Akienda kunywa chai, nilipekua droo zake. Wallahi nilipekua. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikawashuku hata wenzangu.

Ramani ilipokamilika ilibandikwa ukutani watu waikague. Mama akapanda Kwale. Yule bwana akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, nami nikamshuku zaidi. Shamba lilikuwa limetokea, subhanallah, mnazi kwa mnazi, mpaka mkorosho wa mpakani. Mama akafuatisha kwa kidole, kisha kidole kikasimama katikati.

"Mwanangu, mbona babako hayumo?"

Alikusudia kichaka. Kwetu sisi makaburi ya wazee hayafyekwi, huachwa yazibwe na miti, na shamba likizozaniwa, kichaka hicho ndicho shahidi wa kwanza. Ukutani palikuwa na minazi tu. Nikamvaa yule bwana. Nilimwita mwizi mbele za watu, nikamwambia amemfukua baba yangu.

Aliliendea kabati. Alitoa picha ya ndege kama ilivyokuwa mwanzo: katikati ya minazi, kidoa cheusi. Akaweka kando yake ile iliyosafishwa. Kidoa hakipo, na chini zipo herufi zangu.

Mama hajui kusoma, lakini herufi hizo anazijua, ndizo nilizomtarizia kwenye foronya zake. Akanitazama sana.

"Ulipokuwa ukimfuta, ulikuwa ukimtazama nani?"

Kesho yake nilikaa mezani asubuhi na mapema, nikarudisha vidoa vyote, hata vya vumbi.