Mahakama Nilikoolewa

Jengo la mahakama lilikuwa bado linanukia rangi tulipokwenda kufunga ndoa, mimi na mchumba wangu, kijana wa Tanga aliyekuwa mlinzi katika hoteli nilimokuwa nikisafisha vyumba. Lilikuwa la vioo kuanzia chini hadi juu, na baridi yake ilinifanya nijute kuvaa buibui jepesi. Mjomba alilidharau. Yeye alikuwa dereva Doha tangu mimi mtoto, na mahakama aliyoijua ilikuwa nyumba fupi yenye ua, watu wakivua viatu mlangoni na kadhi akijulikana kwa kikohozi chake.

"Humu utaolewa na lifti," alinitania, huku akinyoosha kanzu yake mpya.

Kwetu Lindi mjomba ndiye mwenye mpwa. Baba yangu alifariki nikiwa bado natambaa, na upande wake hakubaki mwanamume. Mjomba ndiye aliyenisomesha, akanileta Qatar, akamhoji mchumba wangu hadi maskini akatokwa jasho. Basi hata mmoja wetu hakufikiria kuuliza kama yeye anafaa kunioza.

Kadhi, mzee mpole, aliuliza walii wangu, yaani wa kunioza, yuko wapi. Mjomba akasimama.

"Wewe ni nani wake?"

"Ndugu wa mama yake."

Kadhi akatikisa kichwa. Ndugu wa mama si walii, alisema. Binti asiye na mwanamume upande wa baba, walii wake ni kadhi. Mjomba alijua Kiarabu kuliko sisi, akaelewa kabla yetu. Sheria ni msumeno, lakini siku ile ulinikata mimi. Nilimwona akirudi kukaa kiti cha nyuma, mikono juu ya magoti, nikatamani tuondoke zetu, ndoa ikafungwe Lindi siku yoyote Mungu atakayopenda.

Hakuniruhusu hata kufungua mdomo. "Kaa, mwanangu. Uolewe."

Nikaolewa. Kadhi aliniuliza kama nimeridhia, nikaitika. Akaushika mkono wa mume wangu, akanioza vizuri tu. Hana kosa.

Miaka imepita. Doha imejaa majengo marefu kuliko lile, na nasikia shughuli za ndoa zimehamia kwingine. Mjomba tulishamzika Lindi. Hata hivyo lile jengo nalipenda mpaka leo, na ninalolipendea ni maegesho yake.

Maana tulipotoka, jua likichoma, mjomba alisimama kando ya gari lake akamwambia mume wangu, "Mle ndani umeozwa na serikali. Haya, nipe mkono." Akaushika. "Nimekuoza mwanangu, niliyemlea mwenyewe."

"Nimekubali, mjomba," mume wangu akasema, machozi yakimtoka.

Mlinzi wa geti, Mkenya, alikuwa ametukodolea macho. "Wazee, kwani huyu jamaa anaoa mara ngapi leo?"

"Mara moja," akajibu mjomba, bila kuuachia ule mkono. "Ndiyo hii."